Kulala kinamasini: kabla ya kununua hema uliza maji yanatoka wapi

Kila likizo ikikaribia huku ofisini tunapata maswali yaleyale, hema gani nzuri, tochi gani, begi la lita ngapi, na karibu hakuna anayeuliza lile ambalo sisi watu wa ardhioevu tungependa kuulizwe kwanza: maji ya huko yanatoka wapi na yanafika lini? Hema utanunua au utaazima, ila maji hayabembelezeki.

Iko hivi. Kinamasi sio ziwa na sio nchi kavu, leo unapita na raba kesho panataka mtumbwi, na mara nyingi maji yanayokuja hayana uhusiano wowote na wingu unaloliona juu yako. Angalia delta ya Okavango kule Botswana, mvua inanyesha nyanda za juu za Angola kuanzia mwisho wa mwaka, alafu maji yanatembea pole pole miezi kadhaa, yanakuja kujaa deltani kama mwezi wa 6 mpaka wa 8, wakati palepale ni kiangazi na anga jeupe kabisa. Sasa mtu aliyeangalia utabiri wa sehemu anayokwenda peke yake si amejidanganya. Angalia na huko juu mto unakotokea, na ukipiga simu kuomba kibali (maeneo mengi ya namna hii ni hifadhi, kibali ni lazima) muulize askari wa hifadhi maji yako wapi wiki hii. Ukibahatika kumpata mvuvi wa pale ndo vizuri zaidi, huyo anajua kuliko apu yoyote kwenye simu yako.

Ukifika, fika mchana. Hili nalirudia kwa kila mtu, fika mchana, kwasababu kuchagua pa kulala ndo kazi kubwa ya safari nzima na huwezi kuifanya na tochi. Tafuta mwinuko hata kama ni wa mita moja tu. Soma miti: mstari wa tope kwenye shina, majani na vijiti vilivyonasa kwenye matawi, hivyo vinakuonyesha maji yaliwahi kufika wapi. Ukikuta takataka zimenasa usawa wa kifua chako, hapo hapalaliki hata pawe pakavu kama jangwa. Na ule mchanga mweupe wa ukingoni ambao kila mtu anautaka kwa ajili ya picha, kama kuna mamba basi ndo hapohapo anapoota jua. Rudi nyuma kama mita 60 au 70 kutoka kwenye maji, na hiyo inawasaidia pia wanyama kwenda kunywa bila kukupitia wewe.

Kama ni nchi ya viboko kuna kitu kingine. Kiboko anatoka majini jioni kwenda kula nyasi na anapenda kupita njia ileile mpaka inakuwa mfereji, utadhani mtu kaichonga kwa jembe, na kwa mgeni inaonekana ni uwanja umeshafyekwa unamsubiri yeye. Nimeshawahi kukuta vijana wamesimamisha hema mbili katikati ya njia kama hiyo, tena wanajisifu wamepata sehemu tambarare, tukawahamisha jua linazama. Usikae kati ya kiboko na maji, ndo pa kukimbilia pake hapo, ukimzibia atapita juu yako. Kwa mamba shida ni mazoea, ukichota maji kila siku saa ileile kwenye gati ileile anakuzoea, na hautamwona. Badilisha sehemu, tumia ndoo yenye kamba, na usiinamie maji kabisa.

Haya, wanyama wakubwa wanatisha ila wanaowarudisha watu wengi wakiwa wagonjwa ni wadogo. Sehemu zenye kichocho, vimelea vinatoka kwenye konokono vinaingia kwenye ngozi yako bila hata kidonda, na mchana wa jua kali ndo vinakuwa vingi, kwahiyo kuogelea saa 6 mchana kwenye maji yaliyotulia yenye majani ni kujitafutia. Maji ya kuoga yapashe moto, au yaweke kwenye chombo safi siku mbili yakae tu. Ya kunywa yachuje kwa kitambaa kwanza alafu yachemke kweli kweli kwa dakika moja, ukiwa juu ya mita 2,000 dakika tatu. Vidonge vya klorini ni vizuri ila kuna vijidudu haviwezi, hasa maji yakiwa na tope, mi nachemsha tu. Mbu: chandarua chenye dawa, nguo za mikono mirefu kuanzia jioni, na dawa ya kupaka, ila ukishajipaka usiingie majini, chura ananyonya vitu kupitia ngozi yake na ile dawa yako inamfikia.

Moto nao. Udongo wa kinamasi sehemu nyingine sio udongo, ni mimea iliyolundikana maelfu ya miaka bila kuoza vizuri, ukikauka unaungua. Unawasha moto wako mdogo, unamwagia maji asubuhi unaondoka, kumbe chini unaendelea taratibu na unaweza kuibukia mbali wiki zinazofuata. Kwahiyo tumia jiko la gesi, basi. Na hata mvua ikikunyeshea vipi usiingize jiko ndani ya hema, la mkaa ndo kabisa, hewa yake inaua mtu akiwa usingizini.

Choo ni shimo la sentimita 15 mpaka 20, mbali na maji, ufukie, na kama ardhi ni chepechepe na shimo linajaa maji hapohapo basi unabeba unaondoka nayo, najua hampendi kusikia. Sabuni hata ile iliyoandikwa inaoza haiingii mtoni. Ndege wakiruka wote kwa pamoja wanapiga kelele juu yako jua kuna viota, rudi, maana mama akikaa mbali na yai kwenye jua kali dakika chache tu zinatosha kuliharibu.

Kabla ya kuondoka nyumbani mwachie mtu mmoja karatasi: mnaenda wapi, mnaingilia wapi, mnatoka saa ngapi na akiwakosa ampigie nani. Matete yakikuzidi urefu hauoni kitu na mtandao mara nyingi hamna, kwahiyo filimbi shingoni kwa kila mtu, milio mitatu ndo kuomba msaada, na kwenye mtumbwi jaketi la kuokolea livaliwe, sio likaliwe kama mto. Ukizama miguu kwenye tope usivute kwa nguvu, jilaze nyuma utandaze uzito, alafu toa mguu mmoja mmoja taratibu.

Siku ya kurudi, kabla ya kufunga mizigo, buti, vigingi vya hema na mtumbwi visuguliwe tope na majani yote hukohuko, vikaushwe juani mpaka vikauke kabisa. Magugu maji yanaanza na kipande kidogo tu kilichonasa mahali, na wiki ijayo unaweza kuwa unaenda bwawa lingine.