Kukodi masafa ya redio Marekani: fomu inataka kujua nani atawajibika

Kampuni kubwa ya simu imeshinda masafa kwenye mnada, eneo pana, lakini vijijini haijasimamisha hata mnara mmoja. Jirani yake kuna mtoa huduma mdogo wa intaneti, ana wateja na hana masafa. Wanakaa, wanapatana bei, wanasaini. Kwa Marekani hapo ndipo kazi inapoanza, maana aliyeshinda mnada hakununua masafa. Amepewa leseni ya kuyatumia kwa muda, na serikali inataka kujua wakati wowote ni nani hasa anayerusha mawimbi.

Kazi yangu ni hizo fomu, na lawama ninayoisikia kila mara ni kwamba makaratasi ni mengi. Mimi naona si mengi, ila yanasomwa vibaya. Ukiondoa majina na anwani, karibu kila kipengele kinazunguka swali moja: mawimbi yakiingiliana na ya mtu mwingine, tumshike nani?

Zamani swali hilo lilibana sana. Tangu uamuzi wa mwaka 1963 uitwao Intermountain Microwave, Tume ya Mawasiliano, yaani FCC, ilikuwa ikipima nani anaajiri wafanyakazi, nani analipa gharama, nani anapokea faida, nani anaendesha mitambo siku hadi siku. Mwenye leseni aliyemwachia mwenzake hayo yote alihesabiwa kuwa amehamisha leseni bila ruhusa. Mwaka 2003 FCC ikafungua soko la kukodishana masafa na kulegeza kipimo hicho, na fomu inayotumika leo kwa kazi hiyo ni Fomu 608.

Fomu hiyo inakutaka uchague njia. Ya kwanza, mwenye leseni anabaki msimamizi: yeye ndiye anayehakikisha mpangaji wake, yaani aliyekodi masafa, anafuata kanuni, na yeye ndiye wa kwanza kuulizwa mambo yakiharibika. Hapa unapeleka taarifa tu, ndani ya siku 14 tangu kusaini na, kwa kawaida, siku 21 kabla ya kuwasha mitambo. Kwa mkataba usiozidi mwaka mmoja, hizo siku 21 zinakuwa 10. Njia ya pili, udhibiti wenyewe unahamia kwa mpangaji. Anakuwa yeye wa kuwajibika mbele ya serikali, na hiyo si taarifa tena bali maombi yanayohitaji kibali.

Watu huchagua ya kwanza kwa kuwa neno “taarifa” linasikika jepesi. Kampuni kubwa inakubali usimamizi, halafu haina mtu hata mmoja wa kwenda kutazama antena za mpangaji ziko wapi. Kwa njia zote mbili, kama hakuna ombi la kusamehewa kanuni na maswali ya sifa (umiliki wa wageni, kuwahi kunyang’anywa leseni, kuwahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa la jinai) yamejibiwa bila doa, kuna utaratibu wa kushughulikiwa papo hapo na jibu hutoka siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo chagua kwa kuangalia nani yuko karibu na mitambo, usichague kwa kukimbia foleni. Mkataba wenyewe kwa kawaida hauambatanishwi, lakini uwe kabatini: FCC ikiuomba, unatolewa.

Fomu nayo ina kibali chake, na hili huwashangaza wengi. Sheria ya Kupunguza Makaratasi ya mwaka 1980, iliyoandikwa upya 1995, inasema taasisi ya serikali kuu ikitaka kuuliza watu 10 au zaidi maswali yaleyale, lazima kwanza ipate idhini ya Ofisi ya Usimamizi na Bajeti iliyo chini ya Ikulu. Inatangaza kwenye Gazeti la Serikali, wananchi wanapewa siku 60 za kutoa maoni, kisha siku 30 nyingine, na idhini haizidi miaka 3. Ndiyo maana fomu inabeba namba ya idhini (ya 608 ni 3060-1058, zote za FCC huanza na 3060) na makadirio ya muda wa kuijaza. Fomu isiyo na namba hai, huwezi kuadhibiwa kwa kutoijaza.

Athari yake kazini ni kwamba FCC inaweza kupitisha kanuni mpya, sehemu kubwa ikaanza kufanya kazi, huku kifungu kinachodai taarifa kikisubiri idhini miezi kadhaa. Mwanasheria wa masafa anasoma ukurasa wa tarehe za kuanza kabla hajasoma kanuni yenyewe.

Kwenye bendi ya 3550 hadi 3700 MHz, iitwayo CBRS, karatasi imegeuka kuwa data. Wa kwanza kulindwa ni rada za Jeshi la Wanamaji na watumiaji wengine wa zamani. Wa pili ni walionunua leseni za kipaumbele kwenye mnada wa 2020, kaunti kwa kaunti. Wa tatu ni yeyote mwenye kifaa kilichoidhinishwa. Kompyuta ndiyo inayogawa nafasi, na mwenye leseni asipotumia chaneli yake, wa tatu anaruhusiwa kuitumia hadi mwenyewe atakapowasha.

Lakini kompyuta haioni antena. Inaamini ilichoandikiwa: mahali kwa usahihi wa mita 50, kimo kwa usahihi wa mita 3. Kwa vifaa vya nguvu kubwa anayeandika lazima awe fundi aliyethibitishwa. Kosa linalojirudia ni la kimo. Simu inakupa kimo kutoka usawa wa bahari, fundi anakiingiza penye kimo kutoka ardhini. Ukifanya hivyo Denver, ambako ardhi yenyewe iko mita 1,600 hivi juu ya bahari, antena ya mita 10 inasomeka kama mnara unaopita mawingu, na mfumo unaanza kuwalinda watu wa mbali kabisa dhidi yako. Unanyimwa chaneli na hakuna afisa wa kumlilia.

Na bado kukodi kupo hata humo. Anayetaka kipaumbele kwenye ghala au bandari anaweza kukodi kipande cha leseni ya kaunti, akishajithibitisha FCC mapema. Leseni hizo ni za miaka 10, na ukodishaji hauwezi kupita uhai wa leseni; hata leseni ikihuishwa, kuendelea kwa mpangaji kunataka taarifa nyingine. Kabla hujabishania bei, uliza inaisha mwezi gani.