Bastola ya kale iliyochezewa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu akileta Colt Single Action Army, bastola ya silinda ya Kimarekani, ya miaka ya 1880 iliyokatwa mtutu, ikachovywa nikeli na kubadilishwa mpini, wengi humwambia palepale kwamba ameuziwa chuma chakavu. Wapo pia wanaomwambia kinyume chake, kwamba kila mkwaruzo ni ushahidi wa vita na majambazi. Kauli hizi mbili zimewafanya watu watupe vitu vya thamani na wanunue uongo kwa bei ya dhahabu.

"Ikishabadilishwa, haina thamani tena"

Hii ndiyo dhana inayoleta hasara kubwa kuliko zote. Jeshi la Marekani lilianza kununua bastola hii mwaka 1873 kwa ajili ya askari wa farasi, ikiwa na mtutu wa inchi 7½, karibu sentimita 19. Mwaka 1892 jeshi lilihamia bastola nyepesi za .38 (namba hizi ni upana wa risasi kwa sehemu ya inchi), na zile za .45 zikarudishwa ghalani. Kuanzia 1895 zilitolewa tena, safari hii mitutu ikiwa imekatwa hadi inchi 5½. Fungu la kwanza lilikatwa katika kiwanda cha serikali cha Springfield. Yaliyofuata yalipelekwa kwa Colt wenyewe huko Hartford, na hapo mafundi walizifungua, wakatengeneza vipande vilivyochoka, kisha wakaziunga upya bila kujali kama namba ya fremu inalingana na ya mtutu au ya silinda. Bastola hizi ndizo wakusanyaji wanaziita "Artillery". Zilikuwa mikononi mwa askari mwaka 1898 katika vita dhidi ya Hispania, na zilipelekwa Ufilipino, ambako askari walilalamika kwamba risasi ya .38 haimsimamishi adui anayekuja mbio.

Tazama basi hali ilivyo. Mtutu umekatwa, namba hazilingani, vipande vimetoka kwa bastola tatu au nne, na bado hiyo ni silaha halali ya kihistoria inayotafutwa sana. Kwa kweli ukikutana na "Artillery" ambayo namba zake zote zinalingana, uliza maswali zaidi. Huenda ni ya lile fungu la kwanza la Springfield, au huenda kuna mtu aliketi na kuzilinganisha kwa mkono wake ili apandishe bei.

Colt walikuwa na uzoefu wa kazi ya namna hii hata kabla ya hapo. Hataza (haki ya uvumbuzi) ya Rollin White ya mwaka 1855, iliyokuwa mikononi mwa Smith & Wesson, iliwazuia washindani wote kutengeneza silinda iliyotobolewa mpaka nyuma ili ipokee risasi za ganda, yaani zenye baruti na fataki ndani ya ganda la chuma. Hataza hiyo ilipokwisha mwaka 1869, Colt walikuwa na bastola nyingi za modeli ya 1860, za kushindilia baruti na kuvishwa fataki. Wakazigeuza zitumie risasi za ganda, na jeshi likachukua zaidi ya elfu moja. Leo hakuna mkusanyaji makini anayesema bastola hizo ziliharibiwa.

Swali la kujiuliza, basi, ni nani aliyeibadilisha, lini, na kwa sababu gani.

"Mtutu mfupi ni kazi ya mhuni"

Colt waliuza mitutu ya inchi 4¾, 5½ na 7½ kwa raia, kwa hiyo ufupi peke yake hauthibitishi chochote. Anza na maandishi ya juu ya mtutu. Mitutu mifupi ya kiwandani ya inchi 4¾ kwa kawaida ina anwani ya Colt katika mistari miwili. Ukiukuta mfupi wenye mstari mmoja mrefu uliosogea kuelekea mdomoni, una sababu ya kushuku msumeno. Kisha angalia kilengeo cha mbele. Mtutu ukikatwa, kilengeo cha zamani huenda na kipande kilichotupwa, na kipya lazima kiungwe, hivyo tafuta alama ya moto na ya madini ya kuchomelea. Mdomo wa mtutu nao husema mengi, kwani kiwandani ulizungushwa kwa mashine ukawa laini pande zote, ilhali wa karakana ya mtaani mara nyingi umekaa upande.

Mwisho kuna kumbukumbu za kiwanda. Colt hutoa barua, kwa malipo, inayoeleza bastola yenye namba fulani ilitoka kiwandani lini, ikiwa na mtutu wa urefu gani na rangi gani, na ilipelekwa kwa nani, pale kumbukumbu zilipobaki. Wengi hukosea wakidhani barua hiyo inathibitisha bastola waliyoishika. Inachoeleza ni hali yake siku ilipotoka kiwandani. Ikisema "buluu, inchi 7½" (buluu ni rangi nyeusi-samawati ya chuma iliyotiwa kiwandani) na wewe umeshika ya nikeli ya inchi 5, umepata ushahidi wa mabadiliko, na huo ni ushahidi mzuri kuwa nao.

Karne ya 20 ina mfano unaonivutia zaidi. John Henry FitzGerald, mtu wa Colt, alikata mitutu, akafyeka kichomozo cha nyundo, na kuondoa sehemu ya mbele ya kinga ya kifyatulio ili kidole kiingie haraka. Bastola zake huitwa Fitz Special na bei yake ni kubwa mno. Lakini yeyote mwenye tupa anaweza kukata kinga ya kifyatulio, na wengi wamefanya hivyo. Bila barua inayoiunganisha na FitzGerald, mimi ningeihesabu kuwa bastola iliyokatwa tu.

"Mikato kwenye mpini ni hesabu ya waliouawa"

Karibu siku zote si kweli. Inasimuliwa kwamba Bat Masterson, mlinzi wa sheria maarufu wa Magharibi ya Marekani, alipochoshwa na mkusanyaji aliyeomba bastola yake, alinunua ya zamani dukani, akaichonga mikato na kumpa. Hata kama simulizi hiyo imetiwa chumvi, kisu na mpini wa mbao havigharimu kitu. Usilipe hata senti kwa ajili ya mikato.

"Irudishe ilivyokuwa, thamani itarudi"

Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Ukiipiga msasa, herufi hufifia, kingo huwa mviringo, na alama za wakaguzi wa jeshi hupotea, zikiwemo herufi OWA za Orville W. Ainsworth, aliyekagua bastola za miaka ya mwanzo. Chuma kikishaondoka hakirudi. Nikeli iliyowekwa na mmiliki wa mwaka 1910 sasa ina zaidi ya miaka mia moja, nayo ni sehemu ya maisha ya silaha hiyo. Ukiibandua na kupaka buluu mpya, unabaki na kitu kisicho cha 1880 wala cha 1910. Safisha kutu inayokula, paka mafuta mepesi, tunza kila kipande ulichokitoa, na andika ulichokikuta.

"Ilivumilia miaka mia, itavumilia na leo"

Colt walianza kuidhamini bastola hii kwa baruti isiyo na moshi mwaka 1900. Za kabla ya hapo ni za baruti nyeusi, yenye shinikizo dogo zaidi, kwa hiyo usizipige kwa risasi za kisasa. Usidanganywe na kitufe cha pembeni kinachoshika mhimili wa silinda ukadhani ni alama ya bastola ya baruti isiyo na moshi, kwani kilianza miaka ya 1890, kabla ya dhamana hiyo.

Mabadiliko huongeza hatari. Mfano unaojulikana zaidi ni Webley Mk VI ya Uingereza ya mwaka 1915, ya .455. Nyingi zilizouzwa Marekani baada ya vita zilinyolewa nyuma ya silinda ili zipokee risasi za .45 za bastola za kujipakia. Risasi hizo hutoa shinikizo kubwa kuliko lile ambalo Webley iliundwa kulihimili. Zipo zilizopasuka.

"Ni ya kale, sheria haihusiki"

Marekani, sheria ya shirikisho huihesabu kuwa ya kale ikiwa ilitengenezwa mwaka 1898 au kabla, ingawa majimbo yana masharti yao. Uingereza umri hautoshi: inaangaliwa pia aina ya risasi, na bastola iliyogeuzwa kutoka risasi iliyokwisha sokoni kwenda risasi ya kisasa hupoteza nafuu ya kuhesabiwa ya kale, hata kama ni ya mwaka 1870. Kwetu, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania ina sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Aliyeikuta bastola ya babu sandukuni aende kwanza kwa mamlaka ya leseni au polisi, kabla hajaisafirisha, hajaiuza, wala hajampa fundi aiguse.