Parkinson na kupandikiza seli: maswali kutoka Kigoma

Mzee wetu ni mvuvi Ujiji. Ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo: mkono unatetemeka, nyavu hawezi tena kuzishona. Ni kweli kuna seli za kupandikizwa kwenye ubongo?

Ni kweli. Katika Parkinson, seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayolainisha mwendo, hufa polepole. Vidonge huziba pengo la dopamini, lakini haviwezi kurudisha seli zilizokufa. Ndiyo maana watafiti wanajaribu kupanda nyingine.

Wanyama wa majaribio ni sokwe wa Gombe?

Hapana. Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilitumia kima wa Asia ya Kusini-Mashariki. Kima hupewa sumu iitwayo MPTP inayoua seli zilezile za dopamini, naye huwa mzito na mkakamavu kama mgonjwa. Panya hawatoshi, ubongo wao ni mdogo mno.

Hufanywaje?

Seli za damu au ngozi ya binadamu hurudishwa kwenye hali ya uchanga, yaani seli shina zinazoweza kugeuka aina nyingine, kisha huongozwa ziwe seli changa za dopamini. Kazi ngumu ni kuzichuja: zikipenya hata chache zisizokomaa ipasavyo, zaweza kuota uvimbe. Zilizochujwa hushushwa kwa sindano nyembamba, kupitia tundu la fuvu, hadi ndani kabisa ya ubongo. Matokeo ya 2017 yalionyesha kima wakichangamka, na hadi miaka 2 hakuna uvimbe ulioonekana.

Na watu je?

Kyoto ilianza 2018 kwa wagonjwa 7, wenye miaka 50 hadi 69. Waliopata dozi kubwa waliwekewa seli zaidi ya milioni 5 kila upande wa ubongo, na wote walipewa dawa ya kuzuia mwili usizikatae. Kati ya 6 waliopimwa mwendo bila dawa zao za kawaida, 4 walipata nafuu. Inatia moyo kweli, lakini watu 6 ni wachache.

Kuna mtu anatuuzia sindano ya seli shina ya mkononi.

Msinunue. Seli zikiingia mshipani hazifiki ubongoni mahali zinapohitajika.

Sasa afanyeje?

Ameze levodopa, kidonge cha kuziba pengo la dopamini, nusu saa kabla ya kula, au saa moja baada ya mlo. Protini ya dagaa, migebuka au maharage hugombania njia na dawa tumboni na ubongoni, kidonge kikachelewa. Kikimletea kichefuchefu, ale kipande cha muhogo au ndizi, si samaki. Na asikatishe dawa ghafla: mwili waweza kukakamaa na homa kupanda vibaya. Dawa zikibaki za siku chache, wahini kliniki.