Kabla ya Kulinganisha Urari wa Biashara wa Nchi Moja na Nyingine

Tarehe 2 Aprili 2025 serikali ya Marekani ilitangaza ushuru mpya kwa bidhaa za karibu kila nchi duniani, na jina lililowashangaza wengi katika orodha ile lilikuwa la Lesotho, nchi ndogo isiyo na bahari, ambayo ilipangiwa asilimia 50 wakati Tanzania na Kenya zikiwekwa katika kiwango cha chini cha asilimia 10. Kiwango hicho hakikutokana na ushuru ambao Lesotho huwatoza Wamarekani. Kilitokana na hesabu moja fupi: nakisi ya Marekani katika biashara ya bidhaa na nchi husika, yaani kiasi ambacho manunuzi yake yalizidi mauzo yake, iligawanywa kwa thamani ya bidhaa zote ambazo Marekani ilinunua kutoka nchi hiyo, kisha jibu likagawanywa kwa mbili. Mwaka 2024 Lesotho iliiuzia Marekani bidhaa, hasa nguo na almasi, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 230, na ikanunua huko bidhaa zisizofika dola milioni 3. Utekelezaji uliahirishwa, na baadaye kiwango kikashushwa hadi asilimia 15, lakini viwanda vya nguo vya Lesotho vilikuwa vimekwisha kupoteza oda na wafanyakazi wamekwisha kurudishwa nyumbani.

Sisi tunaofanya kazi ya kuchambua takwimu za biashara ya nje hapa Dar es Salaam huulizwa mara kwa mara kwa nini nchi fulani ina ziada na sisi tuna nakisi. Ni swali halali, na raia ana haki ya kuliuliza. Hata hivyo, aliyeandaa hesabu ile ya Lesotho aliuliza swali hilohilo kisha akaishia kwenye namba ya kwanza aliyokutana nayo, bila kuhesabu huduma, bila kujali kwamba Lesotho imezungukwa pande zote na Afrika Kusini na hununua huko sehemu kubwa ya mahitaji yake.

Urari wa biashara ni tofauti kati ya thamani ya kile ambacho nchi imeuza nje na kile ilichonunua kutoka nje. Nchi ikiuza zaidi huwa na ziada, na ikinunua zaidi huwa na nakisi. Tatizo la kulinganisha huanzia kwenye neno thamani. Tuchukue mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza kontena la viatu kutoka China, ambalo bei yake hadi kupakiwa melini ni dola 20,000, nauli ya meli ni dola 4,000 na bima ni dola 200. Forodha ya China itaandika kwamba imeiuzia Tanzania mzigo wa dola 20,000. Forodha yetu itaandika kwamba Tanzania imenunua kutoka China mzigo wa dola 24,200, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka thamani ya mzigo unaokuja kwa meli ijumuishe nauli na bima hadi bandari ya kushushia, yaani thamani ambayo mawakala wa forodha huiita CIF. Korosho inayoondoka Mtwara, kwa upande wake, huandikwa kwa thamani ya FOB, ambayo huishia pale mzigo unapopakiwa melini. Kwa hiyo nakisi yetu ya bidhaa, kama inavyosomeka katika takwimu za forodha, imebeba ndani yake nauli za meli, ilhali nchi kama Australia na Canada huandika hata manunuzi yao kwa thamani isiyo na nauli ya kimataifa. Anayeziweka nchi hizi safu moja na yetu bila kurekebisha hesabu anatuongezea nakisi ambayo haitokani na bidhaa. Mwishoni mwa 2023, meli zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, nauli zilipanda sana, na nchi inayotumia CIF iliweza kuona thamani ya manunuzi yake ikikua bila kuongeza hata jozi moja ya viatu.

Kwa nchi zisizo na bahari jambo hili ni zito zaidi. Mzigo unaokwenda Lusaka kupitia Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 900 hadi Tunduma kabla haujaingia Zambia, na gharama ya lori inaingia katika thamani ya manunuzi ya Zambia. Lori hilo likiwa la kampuni ya Kitanzania, fedha hizohizo husomeka kwetu kama mauzo ya huduma ya usafirishaji. Kiasi kimoja cha fedha kinaongeza nakisi ya bidhaa ya jirani na ziada ya huduma ya kwetu, na pande zote mbili zimeandika sawasawa.

Yeyote anayepita Barabara ya Mandela ameyaona malori yaliyobeba mabamba ya shaba kutoka Zambia na Kongo yakielekea bandarini. Shaba ile haihesabiwi katika mauzo ya Tanzania, kwa sababu inapita tu na haijawa mali ya mkazi wa nchi hii. Tunachohesabu ni huduma za bandari, barabara na reli. Uholanzi ina hali tofauti: bidhaa nyingi zinazoshushwa Rotterdam kisha kupelekwa Ujerumani na kwingineko huonekana kwanza katika takwimu za Kiholanzi kama manunuzi, na halafu kama mauzo. Kuna hata mzigo ambao mnunuzi wake kwenye karatasi hauoni kabisa. Kwa miaka mingi takwimu za Zambia zilionyesha Uswisi kuwa mnunuzi mkuu wa shaba yake, ingawa kilichokuwa Uswisi ni ofisi za kampuni za uchuuzi wa madini, na shaba yenyewe ilikwenda viwandani Asia.

Hata bidhaa inapofika kweli kwa mnunuzi, si thamani yake yote inayobaki kwa aliyeiuza. Watafiti wawili walioichambua iPhone ya mwaka 2009 waligundua kwamba simu iliyotoka China ikiwa na thamani ya takriban dola 179 iliiachia China kama dola 6.50 tu kwa kazi ya kuiunganisha. Kiasi kilichobaki kilikuwa cha vipuri kutoka Japani, Korea Kusini, Ujerumani, Marekani kwenyewe na kwingineko. Forodha iliandika dola zote kuwa mauzo ya China.

Ninaomba msomaji akae zaidi kidogo na mfano wa Zambia, kwa sababu unavunja dhana iliyoenea kwamba ziada ni afya na nakisi ni ugonjwa. Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 ya hatifungani zake za nje, ikawa nchi ya kwanza Afrika kushindwa kulipa madeni ya aina hiyo katika kipindi cha UVIKO-19. Mwaka huohuo urari wake wa biashara ya bidhaa ulikuwa na ziada kubwa. Kwacha ilikuwa imeporomoka kutoka takriban 14 kwa dola moja mwanzoni mwa mwaka hadi takriban 21 mwishoni, bidhaa za nje zikawa ghali mno kwa wananchi, waagizaji wakapunguza mizigo, huku bei ya shaba ikianza kupanda tena. Ziada ile ilitokana kwa sehemu kubwa na watu kuacha kununua. Kwa upande mwingine, Australia ilikuwa na nakisi katika urari wa malipo ya kawaida, yaani urari unaojumlisha bidhaa, huduma, mapato ya uwekezaji na fedha zinazotumwa, robo mwaka baada ya robo mwaka tangu 1975 hadi 2019, na katika muda wote huo ilizidi kutajirika, kwa kuwa fedha za wawekezaji ziliingia na kujenga migodi na miundombinu. Nakisi ya mashine haifanani na nakisi ya anasa. Mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115 kwa ujumla, iliongeza manunuzi yetu ya nje katika miaka ya ujenzi, na umeme wake utatumika kwa miongo mingi.

Ukubwa wa uchumi nao lazima uzingatiwe. Nakisi ya Marekani ya bidhaa na huduma mwaka 2024 ilizidi dola bilioni 900, kiasi kinachopita mara kumi pato la taifa la Tanzania kwa mwaka, lakini kwa uchumi wa Marekani ni kama asilimia 3 tu.

Kuhusu jirani zetu, Kenya na Tanzania zote hununua bidhaa nyingi kuliko zinazouza, lakini pengo hilo huzibwa kwa njia tofauti. Kenya hutegemea sana fedha zinazotumwa na Wakenya walioko ughaibuni, ambazo mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5. Fedha hizo hazimo kabisa katika urari wa biashara, si wa bidhaa wala wa huduma. Sisi tunategemea utalii, ulioingiza karibu dola bilioni 4 mwaka huohuo na kuipita dhahabu, pamoja na usafirishaji wa mizigo ya majirani. Kuhusu dhahabu, ile ambayo Benki Kuu huinunua nchini na kuiweka kama akiba ya fedha za kigeni haihesabiwi kuwa mauzo ya nje, hivyo ununuzi huo ukiongezeka mauzo yanaweza kuonekana yamepungua ilhali uzalishaji migodini uko palepale.

Anayetaka kulinganisha Tanzania na nchi nyingine asitumie takwimu za mwezi mmoja, kwa kuwa korosho huuzwa kwa msimu na watalii hufurika katikati ya mwaka. Achukue jumla ya miezi kumi na miwili katika ripoti ya uchumi ya kila mwezi ya Benki Kuu ya Tanzania, afungue jedwali la urari wa malipo ambako nauli imekwisha kuondolewa kwenye bidhaa na kuwekwa kwenye huduma, kisha ateremke mstari kwa mstari: bidhaa, huduma, mapato ya uwekezaji yanayotoka na kuingia, na uhamisho wa fedha usio na malipo, kama fedha zinazotumwa na walioko ughaibuni. Jumla ya mistari hiyo aigawanye kwa pato la taifa, na afanye vivyo hivyo kwa nchi ya pili akitumia mwaka uleule. Mwisho aangalie akiba ya fedha za kigeni inatosha kuagiza bidhaa na huduma kwa miezi mingapi: kigezo chetu cha kitaifa ni miezi isiyopungua 4, na cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni miezi 4.5.