Ngezi: msitu wa mlimani pasipo mlima

Kila nikiwapeleka wanafunzi Ngezi, kaskazini-magharibi mwa kisiwa cha Pemba, wakishuka garini huanza kutafuta mlima. Barabara ya kutoka Konde kwenda Makangale inaingia msituni bila kupanda popote, mara kunapoa na mwanga unafifia: juu mivule na migulele, chini mipapindi, mnazi mwembamba wa porini ambao kwao ni Pemba tu. Kisiwa chote hiki hakina kilima kinachofika mita 120. Hata hivyo mti uitwao mjoho unaoota humu, ukiutaka Bara, unaweza kuukuta misitu ya milima ya Usambara.

Usambara mvua huletwa na mlima: upepo wa bahari unaugonga, unapanda, unapoa. Kwetu Pemba masika hayangoji mlima. Kazi kubwa inafanywa na ardhi, kwa kuyazuia maji yasikimbie. Chini ya mchanga wa Ngezi kuna tabaka za udongo wa mfinyanzi. Maji yakizama hukwama hapo, yakatambaa pembeni hadi yakatokeza bondeni, na hicho ndicho chanzo cha kijito. Msitarajie maporomoko! Chanzo ninachokipenda mimi ni tope jeusi kwenye mizizi ya mitomondo. Ukikanyaga vibaya, mguu unatoka na kiatu kinabaki. Nenda mashariki ya Unguja, kule uwandani, mvua hiyohiyo inapotelea kwenye nyufa za mawe ya matumbawe na kijito hukioni.

Kinachonishangaza hasa kiko upande wa magharibi. Miti mirefu inakatika, unatokea uwazini kwenye vichaka vya kimo cha mtu, vijani vyake vidogo kama sindano. Kichaka hiki wataalamu wa mimea wanakiita Erica mafiensis, na kinajulikana Mafia na Pemba. Jamaa zake wako Kilimanjaro, juu ya ukanda wa msitu, kwenye baridi kali. Hapa kinaota ukisikia mawimbi.

Nilichimba hapo shimo la kina cha mkono. Mchanga ulitoka mweupe mithili ya chumvi, mvua za karne na karne zimeuosha rutuba yote. Mvule haupati chakula pale; kichaka hiki kimezoea njaa.

Mwanafunzi mmoja alinihoji kama tukiweka samadi pale msitu utasogea hadi hapo. Nikamwambia huenda miti ingeingia, na kichaka ndicho kingekuwa cha kwanza kuondoka.