Kwa nini walimu wa Argentina hupumzika Septemba 11?

Kila Septemba 11 watoto wa Argentina hawaendi shule. Ni siku ya walimu, na tarehe yenyewe ni ya msiba: siku hiyo, mwaka 1888, alifariki Domingo Faustino Sarmiento, aliyekuwa rais wa nchi hiyo kuanzia 1868 hadi 1874. Argentina imekuwa na marais wengi. Kwa nini walimu wakamchagua huyu?

Jibu linaanzia uani kwao, katika mji wa San Juan ulio karibu na milima ya Andes, alikozaliwa mwaka 1811. Mama yake, Paula Albarracín, aliweka mtambo wa kufumia nguo chini ya mtini, na kwa pesa za ufumaji akajenga nyumba yao. Sarmiento ameeleza kwamba kila wiki mama alimaliza kitambaa cha kutosha joho la mtawa mmoja, Jumamosi akapokea peso 6, na usiku alikesha kidogo akitayarisha nyuzi za kesho yake. Mtoto aliyekulia kando ya mtambo huo hakuwahi kupata elimu ya chuo. Alijisomea.

Siasa zilimfukuza nchini akiwa kijana, akavuka milima hadi Chile. Huko alifundisha shule ya kijijini, akauza dukani, akafanya kazi migodini. Alipokuwa karani katika bandari ya Valparaíso, nusu ya mshahara wake ilikwenda kwa mwalimu wa Kiingereza, na kila wiki alimlipa mlinzi wa usiku wa mtaani ili amwamshe saa 8 usiku asome. Mtu anayenunua elimu kwa usingizi wake anajua bei yake. Nadhani ndiyo maana hakuvumilia kuona wengine wakiikosa.

Mwaka 1842 serikali ya Chile ilimkabidhi chuo kipya cha ualimu jijini Santiago, cha kwanza cha aina yake Amerika Kusini. Baadaye ikamtuma Ulaya na Marekani kuchunguza shule. Marekani alikutana na Horace Mann, mtetezi mkubwa wa shule za umma, na kutoka kwake akaondoka na wazo ambalo hakuliacha tena: huwezi kuwa na shule bila kwanza kuwa na walimu waliofunzwa kazi yao.

Alipochaguliwa kuwa rais hakuwapo hata nchini. Alikuwa balozi Marekani, na habari zilimkuta njiani akirejea. Mwaka uliofuata, 1869, ikafanyika sensa ya kwanza ya taifa, na ikaonyesha kuwa zaidi ya watu 7 kati ya 10 hawakujua kusoma. Sarmiento akaanzisha chuo cha ualimu katika mji wa Paraná, akaleta walimu kutoka Marekani, wengi wao wanawake. Kwa miaka ipatayo 30 walifika takriban 65. Hebu fikiria msichana wa miaka ya 1870 anapanda meli kwenda nchi ambayo lugha yake haijui, kufundisha watu watakaokuwa walimu! Wakati wa urais wake idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka 30,000 hivi hadi karibu 100,000.

Lakini siwezi kumsifu nikaishia hapo. Mtu huyuhuyu aliwadharau wenyeji wa asili na wachunga ng'ombe wa nyikani waitwao gaucho, akawaona kizuizi cha ustaarabu. Mwaka 1861 alimwandikia barua Bartolomé Mitre, gavana wa Buenos Aires, akimshauri asiionee huruma damu ya gaucho. Damu hiyo ilikuwa ya watu, na watoto wao walistahili dawati kama wengine. Waargentina wenyewe wanabishana juu yake hadi leo, na wana haki.

Kinachonigusa zaidi ni alichofanya baada ya kuondoka ikulu. Wengi wangepumzika. Yeye alikubali kusimamia shule za mkoa wa Buenos Aires, na akaipigania sheria ya elimu ya mwaka 1884, iliyofanya shule ya msingi kuwa ya lazima na ya bure.

Mwishowe afya ilimpeleka Paraguay kutafuta hali ya hewa yenye joto. Katika vita dhidi ya nchi hiyohiyo, mwaka 1866, alikuwa amempoteza mwanawe Dominguito, kijana wa miaka 21. Sarmiento akafia katika mji mkuu wa Paraguay, Asunción, na mwili ukateremshwa kwa meli mtoni hadi Buenos Aires. Mwaka 1943 mkutano wa elimu wa mataifa ya Amerika, uliofanyika Panama, uliichagua tarehe ya kifo chake kuwa siku ya mwalimu. Nyumba aliyoijenga mama yake kwa ufumaji bado imesimama San Juan, na sasa ni makumbusho.