Shinden: ndege ya kivita iliyosukumwa na propela ya nyuma

Ukiitazama J7W1 Shinden kwa mara ya kwanza, utadhani inaruka kinyumenyume. Mabawa makubwa yako nyuma, vibawa vidogo viko puani, na propela ya mapanga sita iko mkiani. Mimi ni mhandisi wa ndege, na sijachoka kuitetea: umbo lake lilifuata hesabu, si ukaidi.

Katika Vita Kuu ya Pili, Japani ilihitaji ndege ya kuziangusha B-29 za Marekani, madege ya kudondosha mabomu, makubwa na magumu kuangusha. Masayoshi Tsuruno, ofisa wa Jeshi la Majini, alihamishia injini nyuma, pua ikabaki wazi kwa mizinga minne ya milimita 30. Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Mizinga ya mabawani hulengwa ili risasi zikutane umbali fulani tu. Ya puani hupiga mbele moja kwa moja, lengo liwe karibu au mbali. Wazo la vibawa vya mbele lilijaribiwa kwanza kwa ndege zisizo na injini, MXY6, kisha kampuni ya Kyushu ikaiunda Shinden yenyewe.

Sasa gharama zake. Ndege inaponyanyua pua ili ipae, mkia hushuka, na mkiani ndiko iliko propela. Kwa hiyo miguu ya magurudumu ilirefushwa sana. Hata hivyo, katika jaribio la Julai 1945 Tsuruno mwenyewe alinyanyua pua kupita kiasi, na ncha za mapanga zikakwaruza ardhi. Dawa yake ilikuwa rahisi, nami naiona nzuri mno: magurudumu madogo yalifungwa chini ya mapezi mawili ya wima.

Injini nayo, isiyopata upepo wa propela ya mbele, ilichemka ndege ikiwa ardhini. Na rubani akitaka kuruka kwa mwavuli? Ilipangwa propela ing'olewe kwanza kwa baruti, isije ikamkata.

Iliruka mara ya kwanza Agosti 3, 1945, huko Fukuoka, ikavutia upande mmoja kwa nguvu ya mzunguko wa propela. Safari zote pamoja hazikufika saa moja, magurudumu yakiwa nje muda wote, kisha Japani ikasalimu amri. Ndiyo maana ile kasi ya kilomita 750 kwa saa inayonukuliwa kila mahali naichukulia kama tarakimu ya michoro tu.

Shinden moja ilipelekwa Marekani. Sehemu yake ya mbele iko kwenye jumba la makumbusho ya ndege la Udvar-Hazy, Virginia. Ukifika, anza na pua.